Nilibana Rilei kwa Waya, Lawama Nikamwachia Mama Kulwa

Ndugu zangu, nimekosa, na sina wa kumsingizia tena. Wa kumsingizia nilishamtumia.

Mimi ni fundi redio hapa Segese. Kwaya ya kigango chetu ililima mpunga misimu miwili ikanunua spika mbili kubwa, nami nikaombwa niwaundie amplifaya. Nikaunda kweli! Nikaweka na saketi ya kuchelewesha: ukiwasha, rilei, ile swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, inasubiri sekunde tano ndipo iunganishe spika, ule mshindo wa "puu!" usizifikie. Na hitilafu ikitokea, inazikata zisiungue.

Siku ya kuijaribu, kanisa limejaa. Nikawasha. Kimya. Sekunde tano tu, jamani!

"Fundi, imelala?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka. Rilei ikalia "tak", muziki ukatoka safi, lakini kile kicheko kilikuwa kimeshaniingia.

Nikairudisha kibandani kwangu, nikachomelea kipande cha waya juu ya rilei, umeme uende kwenye spika bila kuisubiri. Sasa ukiwasha tu, inaongea. Mjanja mimi!

Jumapili ya Komunyo ya Kwanza, katikati ya wimbo, transista ya amplifaya ikafa. Umeme ukapita kwenye waya wangu moja kwa moja hadi kwenye spika. Zikanguruma, zikatoa moshi, kwisha!

Macho yote kwangu. Aliyewasha asubuhi ile ni Mama Kulwa, kiongozi wa kwaya. Nikamgeukia.

"Mayu, mama yangu, si nilikukataza kuongeza sauti mpaka mwisho?"

Sikuwahi kumkataza. Wala hakuongeza.

"Nisameheni," akasema huku analia, "labda niligusa vibaya."

Wakamvua uongozi. Wiki hiyohiyo akaja kibandani na kuku, kuniomba radhi. Mimi!

"Nimekuharibia kazi yako nzuri, fundi."

"Usijali, mama," nikamjibu kwa upole mkubwa. "Binadamu tunakosea."

Na kuku nikamla.

Miezi mitatu akakaa benchi la nyuma, haimbi. Kila nikimwona, nageuza njia. Mwisho nikaenda kwake na kile kipande cha waya mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikamweleza yote. Mambo ya rilei hakuyajali hata kidogo.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea, mama."

"Ulinisema mbele ya watu," akasema. "Kanisafishe mbele ya watu."

Nikasema yote, kanisani, mbele ya watu. Mama Kulwa kapewa kwaya yake. Amplifaya imepelekwa kwa fundi wa Kahama. Mimi siku hizi naletewa tochi tu za kutengeneza.

Mafundi wenzangu, ukiunguza kitu cha watu, sema siku hiyohiyo, moshi haujaisha! Mimi miezi mitatu nilitembea sokoni nikipewa pole ya kuharibiwa kazi, na kila pole nikaitikia, "Asante, nimeshapoa."

Sikuwa nimepoa!