Kifuniko cha Piano na Muziki wa Mmarekani

Kifuniko kiliponiangukia sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia nyuzi zote za piano zikilia pamoja, na vidole vyangu vya mkono wa kushoto vimo chini yake. Nikasema, "Yallah, kazi imekwisha." Na kweli ilikwisha.

Nawaambia nyinyi vijana mnaotaka kazi za majukwaani. Nilianza kubeba vyombo kwenye ukumbi wa muziki hapa Birmingham miaka ya elfu mbili, nimetoka gereji ya mtaa wa Tyseley, Kiingereza changu cha kubahatisha. Siku ya kwanza msimamizi wetu, Bwana Harjit, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, alinipokea kwa Kiswahili: "Mzanzibari, umezoea magunia ya karafuu? Hii itakutoa jasho." Akanionyesha piano kubwa. Akanifundisha: kifuniko kikitakiwa kutolewa, chomoa pini za bawaba, kisha watu wawili wakinyanyue. Peke yako usiguse. Sheria hiyo nilipewa na yeye, kwa mdomo wake.

Juu yake alikuwepo meneja wa jukwaa, Bwana Derek. Huyo hata salamu alitoa kwa kidole.

Siku moja ya mazoezi ukaletwa muziki wa Mmarekani wa enzi za babu zetu. Mpiga piano alikuwa dada mpole. Mimi nimezoea muziki wa Kizungu unaotoka kwenye sauti yake ya nyumbani, ukazunguka, ukarudi. Huu haurudi. Mkono wa kulia unaimba lake, wa kushoto unaukatalia. Mara dada anagandamiza vitufe kwa mkono mzima mpaka kiwiko, mara anainuka, anainama ndani ya piano, anakwaruza nyuzi nene zinavuma kama upepo uliofungiwa. Halafu kimya kirefu. Hujui umekwisha au unakuotea.

Kwa hiyo kifuniko kilitakiwa kitolewe. Mwenzangu Abdalla hayupo: Derek kamtuma na gari la kazi, ampelekee sofa nyumbani kwake, mtaa wa Kings Heath.

"Bosi, tumngoje Abdalla," nikamwambia Harjit.

"Dada atangoja mpaka lini? Toa hiyo fimbo inayokitegemeza, inamzuia mkono. Wewe shikilia wima."

"Na kikinishinda?"

"Si uko na mabega? Wacha uoga, bwana!"

Nikashikilia. Dada akaendelea kupiga, jasho linaniingia machoni. Kikaja kile kimya. Nangoja, nangoja. Ghafla dada akaangusha mikono yote miwili juu ya vitufe, piano ikanguruma, nami nikaruka.

Vidole viwili vilikatwa. Nimestaafu nikiwa bado na nguvu, vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu.

Derek alisema nimevunja sheria. Harjit, aliyeniamuru niivunje, akaongeza, "Aliogopa muziki tu." Ndiyo, niliogopa! Lakini si muziki uliomwondoa Abdalla. Derek, Harjit, mko hai, mko mji huu huu. Simameni mbele ya wafanyakazi mseme: nani aliniacha peke yangu na kifuniko kile?