Fundi wa Mota Anayesikiliza Magitaa kwa Taya

Saa tatu asubuhi. Fundi amevuta kigoda, amelipakata gitaa jeusi mapajani, na badala ya kuanza kulipiga anainamisha kichwa na kuegemeza taya kwenye bega la gitaa, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Anapiga uzi mmoja tu, ule mnene. Anafumba macho na kuhesabu kimoyomoyo mpaka mlio ufe wenyewe.

"Kumi na moja," anasema. "Haya, nipe lile jekundu."

Mwalimu wa kwaya, aliyeketi kwenye benchi la mbao karibu na mlango, anamsogezea. Magitaa yote mawili ni ya umeme, yote yametengenezwa Japani na yote ni mitumba. Jekundu lina miaka zaidi ya arobaini, jeusi halijafika kumi. Kwaya ina uwezo wa kununua moja, na muuzaji amekubali yaletwe hapa kwanza yapimwe.

Fundi anarudia yale yale: taya, uzi mnene, macho kufumbwa. Safari hii anachelewa kufumbua.

"Kumi na saba. Mbao hii imekauka, mwalimu. Haimezi sauti."

Mtaani wanamwita Mama Koili, kwa zile koili za waya anazosuka ndani ya mota. Ana umri wa miaka hamsini na tatu, na karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati na harufu ya vanishi isiyotoka hata ukifungua dirisha. Sakafuni zimepangwa mota za pampu za maji na za mashine za kusaga. Ukutani, juu ya mota hizo, zinaning'inia shingo tano za magitaa.

Mota ndizo zilizotangulia. Alianza kuzisuka akiwa na miaka ishirini na mmoja: kufungua, kutoa waya ulioungua, kusuka mpya, kupaka vanishi. Gitaa alikuwa hajawahi hata kulishika, mpaka siku moja, miaka sita iliyopita, mzee mmoja aliposimama mlangoni na kumwambia kwamba pikapu yake haitoi sauti.

"Nikamwambia, mzee wangu, gereji ya magari iko ng'ambo ya barabara," anasimulia huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Akaniangalia weee! Kisha akafungua begi, akatoa gitaa. Kumbe pikapu ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi."

Mzee huyo ni mpigaji gitaa la solo katika bendi ya harusi, na ndilo jina alilobaki nalo: Mzee Solo. Gitaa lake la Kijapani aliachiwa na kaka yake marehemu. Pikapu zake zote mbili zilikuwa zimenyamaza, moja baada ya nyingine, na mafundi redio watatu walishamwambia alitundike sebuleni liwe pambo. Bendi nayo ilikuwa imempa mpaka mwisho wa mwezi awe na gitaa linalolia, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

"Wenzangu walikuwa wameanza kuniita mzee kwa sauti ile ya kumuaga mtu," anasema Mzee Solo, ambaye sasa ana miaka sitini na minane. "Niliposikia kuna mama anasuka mota, nikasema potelea mbali, nijaribu."

Mama Koili alipofungua pikapu ya kwanza alikuta sumaku sita zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Hapo hofu ikamtoka.

"Nikajisemea, hii ni mota isiyozunguka. Waya na sumaku. Mimi na hivi vitu tunafahamiana."

Kufahamiana kulikuwa kwa mbali. Waya wa mota unaweza kuuvuta kwa nguvu, lakini ule ulikatika kwa kuguswa tu. Pikapu moja ilihitaji mizunguko karibu elfu nane, na mikono yake iliyozoea koleo haikufika hata elfu moja. Ulikatika mara tatu. Mara ya nne alibeba vitu vyake akaenda nyumbani kumwomba mumewe, fundi cherehani, amwazime mashine yake ya kushonea.

Mume hakuazima mashine tu, alikaa nayo. Pikapu waliifunga kwenye gurudumu la mashine; yeye alikanyaga taratibu na kuhesabu kwa sauti, mkewe akiongoza waya kwa vidole viwili.

"Nimeshona suti za maharusi maisha yangu yote," anasema mume huyo, mtu wa maneno machache. "Sikujua iko siku nitashona umeme. Uzi wa nguo ukikatika unafunga fundo unaendelea. Ule ukikatika, unarudi moja."

Walimaliza pikapu mbili kwa siku nne. Mzee Solo akaja, akachomeka waya kwenye spika. Akiwasha pikapu moja, sauti safi. Akiwasha ya pili, safi. Akiwasha zote pamoja, jinsi alivyozoea kupiga, ukatoka mlio mwembamba kama wa mbu.

Mzee hakulalamika. Alilirudisha gitaa begini, akashukuru, akaanza kuondoka. "Hicho ndicho kilichoniumiza," anasema Mama Koili. "Angenigombeza ningepumua. Nikamwambia, mzee wangu, liache hapa. Nipe siku mbili."

Kesho yake alikuwa akijaribu mota ya pampu aliyotoka kuisuka. Akaiwasha, ikazunguka kinyumenyume, kwa sababu alikuwa amekosea kuunganisha ncha za waya. Kosa la kila fundi mota, dawa yake ni kubadilishana ncha mbili. Aliinama kuzibadilisha, kisha akasimama ghafla, koleo mkononi.

"Nilipiga kelele peke yangu humu ndani. Pikapu moja ilikuwa inakwenda mbele, nyingine inarudi nyuma! Zinagombana, ndiyo maana sauti inaisha."

Alibadilisha ncha mbili za waya, akatia solda, akampigia simu mzee. Mzee Solo alikuja, akalipiga gitaa lake karibu saa nzima, wateja wa duka la jirani wakasogea mlangoni na mifuko yao. Jumamosi iliyofuata kiongozi wa bendi alimsikiliza nyimbo mbili, akamwambia akae kwenye nafasi yake. Yupo kwenye nafasi hiyo mpaka leo.

Habari zikaenea kwa wanamuziki. Leo magitaa yanampa Mama Koili karibu theluthi ya kipato chake. Lakini mwaka wa pili tu wa kazi hii mpya, daktari alimpima masikio na kumweleza kwamba kelele za karakana zimekwishakula sehemu kubwa ya usikivu wa sikio la kushoto, na hautarudi.

"Sikio langu limestaafu kabla yangu," anatania sasa. Siku ile hakutania. Alifunga mlango wa bati wiki nzima.

Aliyemtoa ndani ni Mzee Solo. Alimwambia kwamba wao jukwaani, ngoma zikizidi, hukaza nyuzi kwa kugusisha kidevu kwenye gitaa, sauti ikapitia mfupani. "Mdogo wangu," alimwambia, "una sikio moja na taya zima. Wengine wana masikio mawili na hawasikii kitu." Siku hizi Mama Koili huvaa vizibo vya masikio kila anapowasha mota.

Asubuhi hii anamgeukia tena mwalimu wa kwaya. Anachukua kipande cha karatasi na kujaribu kukipenyeza pale shingo ya gitaa jekundu inapokutana na mwili. Hakipiti, maungio yamekaza. Kwa jeusi kinapita. Halafu anafungua pikapu. Za jeusi zimesukwa sawasawa na kuzamishwa kwenye nta, hazitapiga mluzi zikiwa karibu na spika. Za jekundu zimesukwa kwa kuyumba kidogo na hazina nta.

"Sasa lipi zuri, mama?" mwalimu anauliza, amechoka kungoja.

"Ukumbi wenu ni mdogo?"

"Mdogo. Spika zinatutazama usoni."

"Chukua jekundu. Litapiga mluzi, lakini nta naweza kuongeza mimi, kwenye sufuria, kesho. Miaka arobaini ya kukauka mbao siwezi kuongeza."

Jekundu ndilo la bei ya chini, na muuzaji atanuna kidogo. Hununa kila mara, kisha huleta mzigo mwingine upimwe.

Mwalimu anapoondoka, Mama Koili anavuta droo na kutoa kisanduku cha bati. Ndani mna pikapu kumi na moja alizozitengeneza mwenyewe kuanzia sumaku. Nane hazifai, anakiri bila aibu. Tatu ni nzuri, na moja kati ya hizo Mzee Solo ameomba afungiwe kwenye gitaa lake mwezi ujao, aipige harusini.

"Nataka nitengeneze nyingi, ziingie kwenye magitaa ya watu nisiowajua," anasema, akiishika ile moja kwa ncha za vidole. "Miaka hamsini ijayo, fundi mmoja afungue gitaa, aone waya umekaa vizuri, ajiulize: huyu aliyesuka hapa ni nani?"