Kitufe cha Njano

Dada yangu aliichora programu ya simu ya kuuzia dagaa chumbani kwetu Gungu, pazia likiwa limefungwa ili jua lisimsumbue. Mimi nilijilaza kitandani nyuma yake nikiandika riwaya yangu, naye akivuta mistari kwenye kompyuta: kisanduku hapa, duara pale, samaki aliyeundwa kwa mikunjo mitatu tu. Programu aliyochorea ilinistaajabisha. Ukimvuta samaki yule akawa mkubwa kama sinia, kingo zake zilibaki laini, wala hakuchanikachanika kama picha iliyopigwa kwa simu.

Alinipa kazi ya maneno. Nikamwandikia, "Bonyeza hapa upate dagaa waliokaushwa na jua la leo." Akacheka, akanionyesha kitufe chenyewe. Kilitosha neno moja. Tukaandika "Agiza".

Mama alikuwa amekwisha kusema. Michoro ikipokelewa na kina mama wa Katonga wanaoanika dagaa, ambao yeye ni mteja wao wa siku nyingi na huwasimulia mambo ya nyumbani, dada atabaki nyumbani aendelee na kazi hiyo. Wakiikataa, ataenda Dar es Salaam kumsaidia mjomba dukani. Dada hakutaka duka. Alitaka meza yake, na ziwa karibu.

Basi asubuhi tukapanda bodaboda mpaka Katonga. Dagaa walishaanikwa, ufukwe wote unametameta. Baada ya salamu, dada akamkabidhi mwenyekiti wa kikundi simu yenye michoro. Dada alikuwa ameipaka michoro kijivu hafifu juu ya nyeupe, rangi ambayo kule chumbani ilitulia kama ukungu wa ziwani.

Mwenyekiti akaitazama simu kwa makini. Akainamisha kichwa, akarekebisha kilemba, akampa mwenzake. Mwenzake akajifuta shavu, akampa wa tatu.

"Ni nzuri, mwanangu," mwenyekiti akasema. "Imeniambia kilemba kimekaa upande."

Jua lilikuwa limemeza michoro yote, limebakiza kioo. Wanawake wakacheka, mmoja akauliza kama kinauzwa pamoja na kitana. Nikamgeukia dada nikidhani atalia. Alikuwa anacheka kuliko wote, huku anafungua kompyuta aliyokuja nayo.

Humo namo hakuona kitu kwa jua. Mwenyekiti akafungua kitenge chake cha juu, akamwita mwenzake, wakakishika pembe na kutufunika. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya dagaa. Dada akakifuta kijivu. Akatazama juu, akachagua njano ya maua ya kitenge kile, akaijaza kwenye kitufe, na herufi akazifanya nyeusi tititi. Kisha akaomba aonyeshwe kidole. Kidole gumba cha mwenyekiti kikapenya chini ya kitenge, kinene, kimelowa, kina magamba. Dada akakivuta kitufe mpaka kikakitosha. Kingo zikabaki laini.

Akaihamishia michoro mipya kwenye simu, simu ikarudi juani. Safari hii mwenyekiti hakugusa kilemba. Akasoma polepole, "Agiza", akabonyeza, ukurasa wa pili ukafunguka. Akawaita wengine waje waone.

"Mwambieni mama yenu," akasema akijifunga kitenge, "huyo mjomba atafute mtu mwingine."

Gamba moja lilibaki juu ya kitufe cha njano. Dada hakulifuta mpaka tulipofika Gungu na mama akaliona.