Ukuta Ambao Haukusiribwa

Mwaka wa kwanza chuoni, hisabati ilinitoa kamasi. Nilirudi kwetu Misigiri na sapu ya kalkulasi, yaani mtihani wa marudio. Nikifeli na huo, ni kudisko, kwaheri chuo. Na baba alikuwa ameuza maksai wake wa plau ili mimi nisome, akarudi kwenye jembe la mkono, mzee mzima!

Zama zenyewe zilikuwa za ruksa, biashara imefunguliwa. Dukani vyote vipo, redio, mitumba, daftari za kila rangi. Pesa ndiyo haipo. Nikaokota mkaa, nikawa nafanyia mazoezi kwenye ukuta wa chumba changu. Natafuta eneo lililo chini ya mchoro, nakosea, nafuta kwa kiganja, naanza upya. Baba akipita na jembe begani anachungulia.

"Profesa, ukuta utatosha kweli?"

Anacheka mpaka anakohoa. Kikohozi hicho hicho ndicho kilichomwondoa, kabla ya mavuno.

Siku chache kabla ya kuanua matanga, shangazi zangu walileta udongo na samadi waisiribe nyumba, maana kwetu wageni hawapokelewi kwenye kuta zilizochakaa. Walipofika chumbani kwangu, mama akasimama mbele yao.

"Huo msiuguse. Ndiyo kazi mwanangu aliyoachiwa na baba yake."

Shangazi mkubwa akasonya. "Tumefiwa, wifi, wewe unalinda masizi?"

Mama hakusogea. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukuta mzima ule ulikuwa swali moja tu, na lilikuwa limenishinda. Hakukuwa na jibu pale! Ningemwambiaje, na macho yake yalivyokuwa yamevimba kwa kulia?

Nikaenda kufanya sapu. Nikadisko.

Niliporudi, nyumba yote ilikuwa safi, ukuta wangu peke yake mweusi. Chini yake mama alikuwa ameweka kigoda cha baba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefaulu, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Aliutazama ukuta, akatoka. Nilimsikia uani akimimina maji, akikanyaga udongo. Akarudi na karai limejaa, akalitua miguuni pangu.

"Siriba mwenyewe," akasema, akachukua kigoda akatoka nacho.