Mashine ya Sinema ya Damasi

Mektilda alilelewa Maisaka na baba yake mdogo, Leonsi, mwenye duka. Tangu utotoni aliambiwa kwamba wazazi wake waliteketea kwa uzembe wa baba yake, Damasi, ambaye aliwaonyesha watu sinema za kale zisizo na sauti, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono aliyoachiwa na setla mmoja.

"Mashine ilishika moto, nyumba ikaenda nayo," Leonsi alizoea kusema.

Siku ya moto huo Mektilda, bado mchanga, alikuwa kwa bibi yake, huko Bonga. Shuleni wenzake walimwita binti wa mchoma nyumba.

Mwaka ule wa msako wa walanguzi, sukari na sabuni zilipoadimika, Leonsi alimwamuru afiche magunia ya sukari katika chumba cha siri nyuma ya shehena ya mahindi. Huko, chini ya turubai, mkono wake ukagusa chuma. Akafunua. Mashine ilikuwa nzima, haina hata alama ya moshi, na ubavuni pamechongwa jina: DAMASI. Akashika mpini, akauzungusha. Magurudumu yakaitika.

Hakulia. Aliifunika, akaenda kumpikia Leonsi ugali kama kawaida.

Mgambo walipofika, Leonsi aliwakaribisha kwa tabasamu. Walipekua wee, hawakuona kitu, wakaanza kuondoka.

"Afande," Mektilda akaita, "sogezeni hayo mahindi."

Magunia ya sukari yakatolewa nje mbele ya majirani, na mashine ikafuata. Mama Sijaona, jirani yao wa miaka mingi, akashika kichwa.

"Jamani, hii si ya Damasi?"

"Baba mdogo, si uliniambia iliungua?" Mektilda akauliza, wote wasikie.

Leonsi akatazama chini. "Moto ulianzia jikoni," akanong'ona. "Niliitoa mashine kwanza. Nilidhani nitawahi kurudi kuwatoa wao."

"Sema kwa nguvu!"

Akarudia. Watu wakamtemea mate.

Alipopandishwa kwenye Landrova aliita, "Mwanangu, niombee."

Mektilda akaonyesha mashine, iliyotupwa juu ya magunia. "Uliyemwokoa huyo hapo. Akuombee yeye."

Leonsi alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, duka limefungwa. Mektilda alikuwa amehamia kwa Mama Sijaona, ambaye alimsihi sana asamehe.

"Nitasamehe siku atakapowatoa motoni," alijibu.

Walipishana njiani mara nyingi. Shikamoo hakumpa tena, mpaka Leonsi alipozikwa.