Saini ya ba Présidents Babili

Hapana, sikuolewaka tena. Naona unataka kuniuliza, njo nakujibu mbele. Ningeolewa na nani? Na huyu muzee jirani, mwenye kukohoa kama mashini ya kusaga mahindi?

Bwana yangu, Papa Odia, alikuwaka cheminot, mutumishi wa train, kule nord, mu gare kadogo. Siku vita ilifika, nilikuwa naanika mihogo. Yeye iko anaiga mluzi ya train, juu ya kunichekesha. Kiisha tukasikia bunduki.

Tukakimbia na mutoto wetu Odia ku mugongo. Mama mukwe hakuwezaka kutembea. Akabaki.

Tukafika hapa Kikula, kwa dada yangu. Papa Odia hakulala tena vizuri, paka radio ku sikio. Asubui moja radio ikasema: ba présidents babili, wetu na wa inchi jirani, bamesaini accord, mapatano ya amani, vita imeisha.

Nikauliza mwalimu, jirani yetu: bale bengine benye kupigana, balikuwa pale? Sisi batu ya Kasai, ndoa haisimame kama tonton ya bibi, mujomba wake, hajakula fungu yake ya mbuzi. Ukimusahau, anakuja kukamata mutoto wake, anamurudisha kwabo.

Mwalimu akajibu mu pua, hivi: "Mama Odia, hii haiko ndoa. Accord ya ba présidents haingoje hata parlement. Président anasaini, inaanza kutumika. Saini yake ni saini ya inchi muzima."

"Na bale benye kuwa na bunduki mu pori? Nani alibaita ku mbuzi?"

Papa Odia akacheka: "Bibi yangu, unataka ba présidents bagawe nyama? Kesho naenda kukamata mama, nimulete hapa."

Tukaenda sisi babili, Odia akabaki kwa dada. Kamyo ikasimama pa barrière, njia ilifungwa. Benye kuilinda habakuwa basoda ya serikali, ni bale ba mu pori. Mumoja akauliza:

"Unaenda wapi?"

"Kukamata mama yangu, chef. Vita imeisha. Ba présidents bamesaini."

Mumoja akafungua mulango ya kamyo.

Nikamushika Papa Odia mukono. Akasema: "Weye, baki ndani." Njo neno yake ya mwisho kwangu.

Mwalimu hakudanganya. Kwa saini ile, basoda ya inchi ingine balirudiaka kwabo. Mama mukwe alikufaka kule, anangoja mutoto wake. Miye, kila siku ya samaki, nakulaka kichwa yenye Papa Odia alikuwa ananiachia, na haina utamu. Naigaka sauti ya bote, batoto bacheke. Ya ule wa barrière siigake. Aliongea polepole, kama mutu anauliza bei ya chumvi:

"Benye balisaini habako bakubwa yangu. Shuka."