Alasiri Rajabu Alipoziba Masikio

Kama hujanywa kahawa ya Rajabu, basi Kariakoo hujafika. Umepitishwa tu kama furushi. Mwanamume anayekaribia hamsini, shingo ndefu, kanzu safi kila siku ya Mungu, birika mkono wa kushoto na mkaa ukiwaka chini yake, vikombe mkono wa kulia. Hapigi kelele kutangaza biashara. Anagonga vikombe tu, na kila muuza kahawa ana mlio wake. Wa Rajabu ni miwili ya haraka na mmoja wa kuvuta, na hata aliyelala usingizi wa mchana husema, huyo anapita.

Mchafukoge, orofa ya pili ya ghorofa moja kuukuu, anakaa Siwema, mjane, fundi cherehani. Kila alasiri akiusikia mlio ule huteremsha kikapu kwa kamba, kikombe ndani. Rajabu humimina. Kikapu hupanda polepole, kahawa isimwagike hata tone, na Rajabu husimama pale chini akikitazama kama mtu anayetazama mwezi ukichomoza. Mwanamke anayevuta kamba namna ile, alijisemea miaka yote hiyo, nyumba yake itakuwa na utulivu.

Mwisho akajikaza. Shangazi yake akapeleka posa kwa kaka zake Siwema. Wakajibu kwamba wao hawana neno, lakini huyu si mwari, aulizwe mwenyewe. Naye Siwema akampa ujumbe jirani yake wa orofa ya kwanza, Daksha, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ketan.

"Anasema jibu litashuka na kikapu Jumanne alasiri," Mama Ketan alimwambia Rajabu. "Kikombe kikiwa kimepinduliwa, ujue hapana. Kikiwa wima, mimina. Na usije na uso huo, tafadhali. Nyoa."

Jumanne ikafika, Rajabu kanyoa, lakini moyo ulikuwa unamrukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Mwanamume mwenye akili zake angekaa akatulia. Yeye akaenda Mtaa wa Aggrey akajinunulia vidude vya masikioni, vile visivyo na waya, vinavyolala kwenye kikasha kama mapacha kitandani. Vijana walimwambia vinatuliza. Akatia kimoja, akatia cha pili, akabonyeza simu, akaiweka mfukoni mwa kanzu.

Kariakoo ikazimika.

Ilikuwepo, lakini kama iko chini ya maji. Wapagazi walifungua midomo na sauti haikutoka. Mikokoteni iliteleza bila kulia magurudumu. Mwanamke wa ndizi alimpungia mkono polepole, na machungwa yaliyomwagika barabarani yalibingirika kwa adabu, moja baada ya jingine, kama yanakwenda harusini. Katikati ya kichwa cha Rajabu fidla zilikuwa zinalia, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza mtu ambaye kwa vyovyote vile alikuwa ni yeye. Mkono wa kulia ukaanza kugonga vikombe kwa kufuata ngoma ya wimbo. Wateja wake wa siku zote wakausikia mlio mgeni, wasinyanyuke.

Akatembea. Akafumba macho nusu. Akamwona Siwema kavaa khanga mpya, anamkunjia kanzu, wanabishana kuhusu chumvi ya mchuzi. Akaona hata paka wao.

Sasa Rajabu hana saa mkononi. Saa yake ni adhana, tangu ujana. Adhana ya alasiri ikapita juu ya kichwa chake, ikamkuta hayupo. Kwa hiyo alipofika Mchafukoge aliamini bado ni mapema, hata juu hakutazama. Mbele yake kikaja kitu kinaning'inia. Mtu wa Kariakoo huning'iniziwa vitu tangu asubuhi: mikoba, sidiria, ndoo za plastiki. Akakisogeza kwa mkono, taratibu, kama anayepisha pazia, akapita zake.

Chaji ilipoisha, kelele zote za mji zikamwangukia kwa pamoja, na ndani yake adhana. Akauliza kwa furaha, "Alasiri hiyo?"

"Magharibi hiyo, mzee," akajibiwa.

Alikimbia, mkaa ukirusha cheche. Dirisha la Siwema lilikuwa limefungwa. Mama Ketan alikuwa kibarazani chini, mikono kiunoni.

"Kilikuwa wima, Rajabu," alisema. "Wima! Kakuita mpaka sauti imekauka. Na wewe ukakisukuma kikapu mbele ya watu."

"Sikusikia, Mama Ketan. Wallahi, nilikuwa nimeziba masikio."

"Siku ya jibu ndiyo unaziba masikio? Mwenyewe anasema umemdharau. Kesho anawaambia kaka zake wairudishe posa."

Kesho yake Rajabu aligonga mlio wake halisi chini ya dirisha mpaka vidole vikauma. Kikapu hakikushuka. Kupanda ngazi asingeweza. Mwanamume aliyeposa habishi hodi peke yake kwa mwanamke, mtaa ungemtafuna. Akatoa kikasha mfukoni, safari hii kimejaa chaji.

"Mama Ketan, nakuomba. Mpelekee avivae vyote viwili. Ajionee kilichonipata."

"Mimi sasa nimekuwa kijakazi wa mapenzi yenu," alisema Mama Ketan, lakini alipanda, tena mbio.

Dirisha la juu likafunguka kidogo. Rajabu akabonyeza wimbo uleule. Simu ilibaki kwake, na alikuwa ameshaambiwa dukani kwamba ukisogea mbali sauti inakatika, basi akasimama palepale bila kutikisika, birika mkononi. Wimbo ukaenda. Yeye hakusikia kitu ila mtaa. Pazia likatikisika.

Halafu ikatoka sauti ya Siwema, ya mtu anayedhani ananong'ona, kumbe inafika mpaka Mnazi Mmoja.

"MAMA KETAN! KWELI HUMU NDANI MTU HASIKII KITU! KUMBE HAKUNIDHARAU!"

Mpagazi mmoja aliyekuwa akipita akaweka gunia chini.

"BASI NIMEMKUBALI! LAKINI USIMWAMBIE! NATAKA ATESEKE MPAKA IJUMAA!"

Mtaa mzima ukamgeukia Rajabu. Mwanamke mmoja muuza khanga akajiziba mdomo kwa khanga zake. Mpagazi akakohoa, akasogea, akanyoosha mkono kuomba kikombe, macho kayaelekeza kwingine, na wengine wakamfuata, wakamzunguka kimya, wanakunywa, hakuna aliyesikia neno lolote.

Rajabu akautazama mkaa wake. Akakunja uso kadiri alivyoweza, akaanza kuteseka.